Klachi itakayopanda Sachangwan na isikutese mjini

Ukitoka Salgaa kuelekea Mau Summit, barabara inaanza kupanda mlima wa Sachangwan na haikuachi upumue. Malori yanajikokota kwa gia ya pili, nawe uko nyuma yake na Subaru ambayo juzi tu ilitiwa programu mpya ya injini. Nafasi ya kupita inapatikana. Unakanyaga mafuta ukiwa gia ya nne, mshale wa mizunguko unaruka kutoka 3,000 hadi 4,500, injini inanguruma, lakini gari haliongezi mwendo. Kisha harufu inaingia ndani, ile ya kitu kilichoungua ambayo ukiinusa mara moja huisahau. Unarudi nyuma ya lori.

Fedha zote ulizotia kwenye turbo, interkula, ekzosi na programu zimeishia kwenye pleti moja ya klachi yenye upana wa sentimita 23, ile inayopitisha nguvu ya injini kwenda kwenye giaboksi. Mwongozo huu ni wa kukuwezesha kununua klachi inayofuata mara moja tu, si mara mbili kama nilivyofanya mimi. Mifano mingi ni ya Subaru kwa sababu ndiyo ninayoendesha na ndiyo iliyojaa hapa Nakuru, lakini hesabu hazibadiliki ukiwa na Lancer Evolution au Golf GTI. Kama gari lako ni otomatiki, na Forester nyingi zilizoko nchini ni otomatiki, hapa huna lako.

Hatua ya 1: Hakikisha ni klachi kweli

Tafuta barabara iliyo tupu. Shika gia ya nne, mizunguko 2,500, kisha kanyaga mafuta hadi chini. Mizunguko na mwendo vinapaswa kupanda pamoja. Mizunguko ikitangulia, klachi inateleza. Jaribu mara moja, ukiwa na shaka mara mbili, basi. Kila mtelezo unaila pleti, na nimeona watu wakimwonyesha rafiki baada ya rafiki "jinsi inavyoteleza" mpaka wakaitiwa lori la kuvuta magari.

Sasa tafuta sababu. Pleti kuisha ni sababu moja tu. Sili ya nyuma ya krenki, ile shafti kuu ya injini, ikivuja, oili hudondokea flaiwili, lile gurudumu zito la chuma ambalo pleti hubanwa juu yake, na pleti iliyolowa oili huteleza hata ikiwa ya jana. Masta silinda ya klachi, ile pampu inayosukumwa na pedali, ikikataa kurudi mwisho, au pedali ikikosa ule mchezo mdogo wa juu, kava, ile inayoibana pleti kwenye flaiwili, inabaki imeachiliwa nusunusu, siku nzima, bila wewe kujua. Na kuna madereva ambao mguu wa kushoto hulala juu ya pedali tangu Lanet mpaka Gilgil. Jirani yangu mmoja aliagiza klachi ya mashindano kutoka nje, akasubiri wiki tatu, giaboksi iliposhushwa tukakuta sili imepasuka na pleti ya zamani bado ina nyama ya kutosha.

Kama injini yako ni ya kiwandani, haijaguswa, na pleti imeisha kwa sababu ya umri, nunua klachi ya kiwandani, uishie hapa. Impreza WRX ya kodi ya GDA ilitoka Japani na nguvu farasi 250, Forester XT ya kodi ya SG5 na 220, na klachi zake zilitosha. Zinazidiwa pale unapoongeza.

Hatua ya 2: Sahau nguvu farasi, tafuta torki

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Klachi haijui nguvu farasi. Inachohisi ni nguvu ya kuzungusha, ile mafundi wanaiita torki, inayopimwa kwa Nm, yaani nyutoni-mita. Nguvu farasi ni torki ikizidishwa na kasi ya mizunguko. Ukitaka kubadilisha moja kuwa nyingine, chukua torki kwa Nm, zidisha kwa mizunguko ya dakika moja, gawanya kwa 7,121.

Chukua magari mawili, yote yenye farasi 350. La kwanza lina turbo ndogo inayoamka mapema: kwenye mizunguko 3,500 tayari lina Nm 500, kisha inashuka kidogo kidogo mpaka Nm 453 kwenye mizunguko 5,500, na hapo ndipo farasi 350 wanapatikana. La pili lina turbo kubwa inayochelewa: halipiti Nm 400, lakini linavuta mpaka mizunguko 7,000, ambako Nm 356 tu zinatosha kuleta farasi wale wale 350. Wenye magari hayo wakikutana watajisifu kwa namba moja. Lakini wa kwanza anahitaji klachi ya kushika Nm 500, na wa pili ya Nm 400. Zaidi ya hapo, wa kwanza anaipiga klachi yake akiwa gia ya nne au ya tano, mlimani, mizunguko ikiwa chini, mahali ambapo gari ni zito kusukuma na torki yote inakaa juu ya pleti kwa sekunde nyingi. Ndiyo maana klachi hufia Sachangwan, wala si kwenye mataa ya Kenyatta Avenue.

Kama gari limepimwa kwenye daino, ile mashine ya kupimia nguvu, uliza namba ile ni ya magurudumu au ya injini. Daino nyingi husoma kwenye magurudumu, na gari la magurudumu manne yanayosukuma hupoteza sehemu njiani, ndani ya giaboksi, difu na shafti. Klachi iko kabla ya upotevu huo. Daino ikisoma Nm 340 kwenye magurudumu, mimi hugawanya kwa 0.8 na kuchukulia injini inatoa Nm 425. Si sayansi ya maabara, ila ni salama kuliko kuamini 340.

Kisha ongeza akiba ya asilimia 20 hadi 25. Nm 425 inakuwa karibu Nm 510 au 530. Akiba hiyo ni ya joto, ya pleti inayochakaa, na ya ile siku utakayosema "niongeze presha ya turbo kidogo tu." Usiongeze akiba ya asilimia 100. Tutaona kwa nini.

Kuna jambo moja la huku kwetu ambalo maelezo ya watu wa Marekani na Uingereza hayataji. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yenyewe ina presha ya kama baa 0.8, wakati Mombasa ni baa 1.0. Kama turbo yako inadhibitiwa na springi ya westigeti (vali inayozuia presha ya turbo isizidi) au kontrola ya mkono, geji inaposoma 1.2 ujue hiyo ni juu ya hewa ya nje. Nakuru injini inapata jumla ya baa 2.0. Shuka Mombasa na geji ile ile ya 1.2, jumla ni baa 2.2, yaani hewa zaidi kwa asilimia 10, na torki nayo inaongezeka kwa kiasi hicho hicho. Klachi iliyokuwa inashika vizuri hapa inaanza kuteleza ukipita Mtito Andei, na mwenye gari analaumu fundi. Hata Kisumu, ambayo iko mita 1,100 na kitu, unaihisi tofauti. Kama kompyuta ya injini inalenga presha ya jumla badala ya ile ya geji, tofauti hiyo ni ndogo au haipo. Muulize aliyekutilia programu. Asipojua jibu, ongeza akiba, na ikibidi tafuta mtu mwingine wa programu.

Hatua ya 3: Sema ukweli kuhusu safari zako

Chukua karatasi uandike wiki yako ilivyo. Ya kwangu ni hivi: Kiamunyi mpaka mjini kila asubuhi, watoto shuleni, foleni ya kuingia mjini, soko Jumamosi, Nairobi mara moja kwa mwezi, Eldoret mara moja kwa miezi mitatu. Kukanyaga kwa nguvu, labda dakika kumi kwa wiki. Hata wewe unayesema gari lako ni la mbio, hesabu ni dakika ngapi.

Andika pia ni nani mwingine anayeliendesha. Mama watoto akilichukua gari kwenda Njoro, klachi unayonunua ni yake vilevile.

Hatua ya 4: Klachi inaongezwa nguvu kwa njia tatu, na kila njia ina bei yake

Uwezo wa klachi ni vitu vinne vikizidishwa: idadi ya nyuso zinazosuguana, ukali wa msuguano, nguvu ya kava inavyobana, na umbali wa wastani kutoka katikati ya pleti hadi kwenye nyuso hizo. Hakuna siri nyingine. Hata ile klachi ya bei ya pikipiki mbili, ndani yake ni vitu hivi hivi.

Tufanye mfano. Pleti moja ya milimita 230 ina nyuso mbili, na umbali wa wastani ni kama milimita 95. Tuseme msuguano ni 0.3, na kava inabana kwa nyutoni 6,000. Zidisha: 2 mara 0.3 mara 6,000 mara 0.095. Jibu ni Nm 342.

Njia ya kwanza ni kava nzito zaidi. Ikibana kwa nyutoni 8,000, unapata Nm 456. Malipo yanaenda kwa mguu wako wa kushoto, maana pedali inakuwa nzito kwa kiasi kile kile, na kwenye foleni ya nusu saa goti linakukumbusha. Masta silinda na sleivu silinda, mwenzake wa upande wa giaboksi, zinafanya kazi zaidi. Na kila unapokanyaga, nguvu hiyo inaisukuma krenki upande mmoja, juu ya beringi ndogo inayoizuia isitembee mbele na nyuma. Kwa kava kali sana, uache tabia ya kuwasha gari asubuhi klachi ikiwa imekanyagwa mpaka chini, oili ikiwa bado haijapanda, kama gari linakuruhusu.

Njia ya pili ni msuguano mkali zaidi. Acha kava ya nyutoni 6,000, weka nyenzo ya 0.4, unapata Nm 456 ile ile. Pedali inabaki laini. Malipo ni ulaini wa kuondoka.

Njia ya tatu ni kuongeza nyuso. Klachi ya pleti mbili ina nyuso nne, kwa hiyo kava ile ile na nyenzo ile ile inakupa Nm 684. Pedali laini, nguvu nyingi. Malipo yanatoka mfukoni, na nyingi zina kelele ya vyuma vikigongana ukikanyaga pedali gari likiwa limesimama. Abiria atakuuliza kama gari limeharibika. Zoea.

Kuongeza upana wa pleti ingekuwa njia nzuri kuliko zote, lakini nyumba ya giaboksi ina ukubwa wake. Ndiyo sababu moja Impreza STI za gia sita, zenye pleti ya milimita 240, zinaanza na faida.

Wauzaji hawaongei hivi. Wanaongea "steji 1", "steji 2", "steji 3". Maneno hayo hayana kipimo cha pamoja. Steji 2 ya kampuni moja inaweza kuwa na kava nzito na pleti ya kawaida, ya kampuni nyingine ikawa pleti ya seramiki na kava ya kawaida. Muuzaji akikuambia steji, mwulize mambo mawili tu: inashika Nm ngapi, na pleti ni ya nyenzo gani. Akikosa jibu la la kwanza, funga pochi.

Hatua ya 5: Chagua nyenzo ya pleti

Ya kawaida, ile inayofanana na ya kiwandani, ni laini na ina huruma. Inakubali kuteleza kidogo ukiondoka mlimani, haitetemeki, na ukikosea inakusamehe. Adui yake ni joto. Ikichemka sana inapoteza mshiko, ingawa mara nyingi ikipoa hurudi. Pleti ya namna hii pamoja na kava iliyoongezwa nguvu kiasi inamtosha mwenye Nm 400 hadi 450 kwenye gari la kila siku. Nadhani nusu ya wanaosoma hapa wanahitaji hii na hawataki kuambiwa.

Kevla inadumu sana na ni laini, lakini haitaki haraka: inahitaji kuzoeshwa kilomita nyingi, na ukiichoma siku moja inakuwa kama kioo na hairudi. Simshauri mtu ambaye gari lake huazimwa na shemeji.

Kisha kuna seramiki, ile yenye vipande vya rangi ya shaba vilivyokaa kama petali, vitatu, vinne au sita. Inashika hata ikiwa moto sana. Lakini haina nusu, iko ndani au iko nje.

Hiyo ndiyo niliyonunua mara ya kwanza. Vipande sita, na flaiwili nyepesi juu yake, kwa sababu rafiki alisema gari "litaamka". Fundi aliniangalia akasema, "Mkubwa, hii ni ya kwenda dukani nayo?" Nikacheka. Wiki ya kwanza lilinizimikia mara nne kwenye mzunguko wa barabara, matatu zikinipigia honi kwa nyuma. Jumapili tukaenda kuangalia bonde la volkeno la Menengai. Ile barabara inapanda na ina mawe, na mbele yetu kulikuwa na basi la wanafunzi linalosimama kila mita kumi. Kuondoka na klachi ile kwenye mlima, gari likiwa na watu watano, ni kuchagua kati ya kuzima na kuruka kama mbuzi. Gari likatetemeka mpaka kioo cha ndani kikageuka. Watoto walifurahi. Mama yao alishuka akatembea, na funguo zile hakuzigusa tena mpaka nilipoitoa klachi miezi minne baadaye. Flaiwili ilipofunguliwa ilikuwa tayari na mikwaruzo.

Sisemi seramiki ni mbaya. Gari linalobebwa kwa trela kwenda kwenye mashindano, klachi ikichomwa mara ishirini kwa siku, haliwezi kuishi bila nyenzo kama hiyo. Mimi nilikuwa napeleka watoto shule.

Kuna pleti za mchanganyiko pia, upande mmoja nyenzo ya kawaida na upande wa pili seramiki. Ni njia ya katikati inayofaa kwa Nm 450 hadi 550 kwa mtu ambaye foleni zake si nyingi. Na kama umepita Nm 550 na bado unataka kulitumia gari kila siku, usipoteze muda na seramiki ya pleti moja. Jibu lako ni pleti mbili zenye nyenzo laini. Ni ghali, lakini ndiyo klachi pekee ya nguvu hizo niliyoendesha ambayo mgeni anaweza kuondoka nayo bila kufundishwa.

Vyovyote utakavyochagua, kwa gari la barabarani taka pleti yenye springi katikati. Springi hizo humeza mshtuko kabla haujafika kwenye meno ya gia. Pleti isiyo na springi inafanya giaboksi ipige kelele kama kopo lenye mawe.

Hatua ya 6: Flaiwili

Flaiwili nyepesi huifanya injini ipande mizunguko haraka, na huifanya izime haraka vilevile. Kwa gari la mjini baki na uzito wa kiwandani au punguza kidogo. Baadhi ya Legacy na Forester zina flaiwili ya vipande viwili yenye springi ndani yake. Ikichakaa haisagwi, hubadilishwa, na wengi huweka ya kipande kimoja pamoja na pleti yenye springi. Ya kipande kimoja ikiwa nzima, ipeleke ikasagwe kwa mashine ya jiwe iwe bapa. Kuipiga msasa kwa mkono ni kujidanganya.

Hatua ya 7: Fikiria kitakachovunjika badala yake

Hii ndiyo sababu nilikuambia usiongeze akiba ya asilimia 100. Nguvu ikizidi, kitu lazima kiachie. Klachi ikiachia, unanusa harufu na kupunguza mguu. Klachi isipoachia kamwe, mshtuko unapita mpaka kwenye gia.

Giaboksi ya gia tano ya Subaru haikujengwa kwa kila unachoweza kuifanyia EJ20, injini ya lita mbili ya Subaru hizi. Ukiipa klachi ya seramiki, matairi mapya yenye mshiko na mtu anayeachilia pedali ghafla kwenye mizunguko 5,000, gia ya kwanza, ya pili au ya tatu itakatika meno. Ile ya gia sita ya STI ni nzito zaidi na inavumilia. Kwa hiyo mwenye gia tano namshauri achague klachi inayozidi torki yake kidogo tu, yenye nyenzo laini, aifanye iwe fyuzi. Pleti ni rahisi kupata kuliko giaboksi.

Hatua ya 8: Kabla ya kulipa

Piga picha ya namba ya chesisi na ya giaboksi, usiende dukani na "ni ya Impreza." Subaru nyingi zenye turbo za miaka hiyo hutumia klachi ya kuvuta, ambapo rilizi beringi, ile inayoachilia klachi ukikanyaga pedali, imenaswa kwenye vidole vya kava na huivuta kuelekea giaboksi; nyingine ni za kusukuma. Lancer Evolution ya IV mpaka IX nayo ni ya kuvuta. Kava hizi mbili haziingiliani. Hesabu pia meno ya shafti ya giaboksi na upana wa pleti, hasa kama giaboksi si ya gari lile tangu mwanzo. Magari mengi ya huku yamebadilishiwa injini au giaboksi kabla hujayanunua. Na kama injini ilibadilishwa, hakikisha namba yake imo kwenye logbuku. Hilo si la klachi lakini utanishukuru siku ya ukaguzi.

Jina la Exedy, watengenezaji wa klachi, linaaminika, na kwa sababu hiyo hiyo boksi lake linaigwa. Usinunue boksi, nunua kilichomo. Maandishi kwenye kava yawe yamechongwa au kupigwa chapa safi, springi zote ziwe imara bila kucheza, misumari ya pleti iwe imezama sawasawa, na namba ya kwenye boksi ilingane na ya kwenye chuma. Bei ikiwa nusu ya kila mahali, unajua tayari.

Klachi iliyotumika kutoka Japani? Kava, labda, vidole vyake vikiwa havijaliwa na uso wake hauna madoa ya buluu ya joto. Pleti, hapana. Huwezi kujua imepitia nini.

Nunua kwa pamoja: pleti, kava, rilizi beringi, beringi ndogo ya katikati ya flaiwili, sili ya nyuma ya krenki, na bolti mpya za flaiwili. Kazi ya kushusha giaboksi unailipia mara moja. Ukiruka sili ya bei ndogo, utailipia tena.

Hatua ya 9: Simama karibu na fundi

Si kwa kumsumbua. Mnunulie chai, ukae kwenye tairi, uangalie mambo machache.

Kwa klachi ya kuvuta ya Subaru ya gia tano, kuna kizibo ubavuni mwa nyumba ya giaboksi. Kinafunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 10, shafti ya uma, ule unaosogeza rilizi beringi, inavutwa nje, ndipo giaboksi inatengana na injini. Fundi asiyejua ataleta mtaimbo. Ukiona mtaimbo, msimamishe.

Flaiwili na kava mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu. Yaoshwe kwa dawa ya kusafishia breki mpaka kitambaa kitoke cheupe. Pleti ishikwe pembeni, mikono ikiwa safi. Grisi kwenye meno ya shafti iwe kiduchu, kama ya kupaka midomo. Ikizidi itarushwa kwenye pleti. Pleti ina upande wa flaiwili na upande wa giaboksi, na mara nyingi imeandikwa. Isomwe.

Bolti za kava zikazwe kwa zamu, za kukabiliana, kidogo kidogo. Kwenye injini za EJ zinataka Nm 16 tu, na za flaiwili Nm 72. Nm 16 ni kidogo sana, ni nguvu ya mkono mmoja, kwa hiyo ile mashine ya hewa ya kufungulia matairi isikaribie hapo. Wakati wa kurudisha giaboksi, uzito wake usining'inie kwenye pleti hata kwa dakika moja. Pleti hupinda katikati, kisha gari linakataa kuingia gia na mnaanza kulaumu klachi mpya.

Na lile pira linaloziba tundu la uma juu ya giaboksi, lisiachwe mezani. Unajua vumbi la huku kwetu, lile jeupe linalopanda Januari. Likiingia ndani linakuwa msasa kati ya pleti na flaiwili, na beringi inakauka. Mwisho, toa hewa yote kwenye laini ya klachi na utie mafuta mapya ya breki ya DOT 4.

Hatua ya 10: Kilomita 800 za unyenyekevu

Watengenezaji wengi hutaka kilomita 800 hivi za kuzoesha, kevla zaidi. Kilomita zenyewe hazina maana. Kinachozoesha ni kukanyaga na kuachilia. Ukienda Nairobi na kurudi umepata kilomita 320 na klachi umeitumia mara chache mno. Kwa hiyo hesabu za mjini: Pipeline, Section 58, Milimani, Free Area, kwa gia za chini na mguu mwepesi. Presha ya turbo ishushwe mpaka ya springi kama inawezekana. Kutetemeka kidogo gari likiwa baridi ni kawaida siku za kwanza. Harufu kidogo nayo ni kawaida siku mbili tatu, baadaye hapana.

Pedali ikibadilika urefu ndani ya wiki ya kwanza, rudi kwa fundi mtoe hewa tena na mkague mchezo wa juu. Usisubiri mpaka iteleze.

Kilomita zikitimia, rudi Salgaa siku ambayo malori ni machache. Gia ya nne, mizunguko 2,500, mguu chini. Mshale na mwendo vikipanda pamoja, endelea na safari yako, na ukifika nyumbani weka risiti na kile kipande cha boksi chenye namba ya kava na ya pleti ndani ya kabati la dashibodi. Fundi atakayeshusha giaboksi hiyo miaka ijayo ataihitaji, maana kava nzuri huishi kuliko pleti yake, na atataka kuagiza pleti peke yake.